Nani kaiba nguvu za kupanda Isamilo?

Shikamoo Fundi,

Mimi ni bodaboda wa Kirumba, Mwanza, kijiwe chetu kiko karibu na soko la Mwaloni. Pikipiki ni ya mkataba. Alfajiri nabeba samaki wa akina mama wanaonunua pale sokoni, sato na sangara, nawapelekea Mabatini, Igoma na wengine Isamilo huko juu. Mchana nabeba abiria. Jioni hesabu ya bosi inasubiri, hata mvua inyeshe.

Mwezi uliopita nikitoka Buhongwa usiku niliingia kwenye shimo. Rimu ya nyuma ikapinda, spoku saba zikakatika. Fundi niliyempelekea akasema rimu ya inchi 17 hana, ila ana gurudumu zima la mtumba la 18, limetoka kwenye pikipiki ya aina nyingine, na tairi lake bado lina meno. Bei ilikuwa nusu ya ile niliyoambiwa dukani, nikakubali. Akalifunga na habu yake (kile kitovu cha gurudumu) na sproketi yake (ile sahani ya meno inayovutwa na cheni), akakata cheni pingili mbili kwa sababu ilikuwa imelegea, nikaondoka.

Siku ya kwanza nilifurahi. Barabara ya Musoma, pale tambarare, pikipiki inateleza na injini haipigi kelele. Kesho yake nikabeba mama mmoja na ndoo zake mbili za sato, safari ya Isamilo. Gia ya pili ambayo siku zote ndiyo inayonipandisha ikakataa. Pikipiki ikatetemeka kama ina homa. Nikaweka ya kwanza, nikashika klachi nusunusu mpaka ikaanza kunuka. Yule mama akashuka akamalizia mlima kwa miguu, na alipofika akanilipa nusu. Sikuwa na la kusema.

Kijiweni kila mtu ana lake. Fundi aliyenifungia anasema gurudumu kubwa linataka sproketi ndogo ili visawazike, kwa hiyo nitoe hii niweke ya meno 36. Mwenzangu mmoja anasema nisiguse nyuma, nibadilishe ile ndogo ya mbele, ya kwenye injini, niweke 13, ni bei rahisi. Wa tatu anasema gurudumu halihusiki kabisa, injini imechoka, kwani spidi mita inasoma kama zamani. Ingekuwa gurudumu, spidi mita ingedanganya.

Nimehesabu meno kama unavyotuambiaga. Sproketi ya zamani ninayo nyumbani, ina meno 42. Hii iliyokuja na gurudumu ina 38. Ya mbele ni 14, haijabadilishwa. Tairi la zamani liliandikwa 3.00-17, hili limeandikwa 3.00-18. Mafuta nayo yanaisha haraka kuliko mwanzo. Bosi hajui lolote kuhusu hili gurudumu.

Niweke sproketi ya meno mangapi?

Bodaboda wa Kirumba


JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole na shimo, na pole zaidi na ile nusu nauli.

Umenirahisishia kazi kwa kuhesabu meno. Wanaoniandikia wengi husema tu "pikipiki haina nguvu", halafu wanataka nijue niko hapa nilipo. Wewe umeniletea namba tano, na jibu lako limo humohumo.

Nianze na spidi mita, maana huyo wa tatu anaweza kukufanya ufungue injini bure. Kwenye pikipiki nyingi tunazobebea abiria, waya wa spidi mita unatoka gurudumu la mbele. Inama uangalie: utauona unashuka kando ya shokapu mpaka kwenye habu ya mbele. Kama na yako iko hivyo, unaweza kufunga nyuma gurudumu la trekta na spidi mita isijue. Kwa hiyo ushahidi wake si ushahidi. Injini iliyokuwa inakupandisha Isamilo Jumatatu kwa gia ya pili haiwezi kuchoka Jumanne, mara tu gurudumu lilipobadilishwa.

Sasa huyo wa sproketi ndogo. Maneno yake yanaingia akilini kwa sababu yanafuata jicho: hiki kimekuwa kikubwa, basi kile kiwe kidogo. Pikipiki haiendi hivyo. Shuka pale Mwaloni utazame mtu anayepiga kasia lililofungwa kwenye ubavu wa mtumbwi. Kipande kilicho nje, majini, kikiwa kirefu, kila pigo linaupeleka mtumbwi mbali zaidi, lakini mikono inaumia. Ukitaka wepesi bila kukata kile cha nje, unarefusha kile cha ndani, kati ya kiganja na pale kasia lilipofungwa. Gurudumu ndicho kipande cha nje. Sproketi ya nyuma ndicho kipande cha ndani, cheni ndiyo mkono unaovuta. Wewe umerefushiwa cha nje, na wakati huohuo umefupishiwa cha ndani. Halafu unashauriwa ukifupishe tena.

Tuone umepoteza kiasi gani. Rimu ya inchi 18 imepita ile ya 17 kwa inchi moja, hilo kila mtu analijua, lakini barabara haigusi rimu, inagusa tairi. Tairi la 3.00 lina kimo cha kama inchi tatu, nawe unalihesabu mara mbili, juu na chini. Kwa hiyo la zamani lilikuwa na inchi 17 kujumlisha 6, yaani 23, na hili lina 24. Ukigeuza kwa milimita ni 584 na 610. Likizunguka mara moja, la zamani lilikuwa linasogea kama mita 1.84, hili linasogea kama mita 1.92. Tofauti ni asilimia 4 na ushei.

Asilimia 4 peke yake isingemshusha mama wa watu. Ungeihisi, ungenung'unika, lakini ungepanda. Mwizi mkubwa ni zile 38. Kutoka 42 kwenda 38 umepoteza karibu asilimia 10 ya mvuto, kisha gurudumu likachukua lake juu yake. Ukizipiga pamoja, kama zamani pikipiki ilikuwa inasukumwa na watu 100, leo wamebaki 87. Watu 13 wamebaki kwa fundi, na ndoo za sato ni zilezile.

Ndiyo maana tambarare ulifurahi. Injini ilikuwa inazunguka polepole kwa mwendo uleule, na kelele ikapungua. Kama ungekuwa mtu wa safari ndefu, wa kutoka Usagara kuvuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema bila mzigo, huenda mafuta nayo yangepungua. Lakini mtu wa mlima akipewa gia ndefu, anaishia kutembea na gia za chini, mkono wa mafuta umefunguliwa wote, klachi nusunusu. Mafuta yako yanaishia hapo. Na acha kabisa hiyo tabia ya kushika klachi mlimani. Sahani zikiungua utanunua klachi kabla hujanunua sproketi.

Kuna jambo hukuliuliza, nami linanitisha kuliko kupanda: kushuka. Injini inayosukuma kidogo wakati wa kupanda ndiyo hiyohiyo inayokuzuia kidogo wakati wa kushuka. Ukiteremka Bugando na abiria kwa gia ya pili sasa hivi, injini haikushiki kama ilivyokuwa. Breki ya nyuma nayo inapigana na gurudumu refu zaidi, kwa hiyo kanyago lilelile la mguu linazaa nguvu pungufu kidogo pale tairi linapogusa lami. Mpaka utakapotengeneza, shuka na gia ya kwanza, na ndoo za samaki zipitishe njia ya chini hata kama ni ndefu.

Haya, meno mangapi.

Kanuni ni moja: sproketi ya nyuma iongezeke kwa kiwango kilekile gurudumu lilichoongezeka. Chukua 42 za zamani, zidisha kwa 24, gawanya kwa 23. Unapata 43.8. Hakuna anayeuza meno nukta nane, kwa hiyo ni 44. Ukifunga 44, pikipiki itakuwa karibu sawasawa na ile uliyoizoea, tofauti ni ndogo kiasi kwamba hata mimi nisingeijua kwa kuiendesha.

Ukizunguka madukani ukakosa 44 inayoingia kwenye habu hiyo, usilie. Jino moja la nyuma ni kama asilimia 2 na nusu. Ukipata 45 utakuwa na mvuto kidogo zaidi ya zamani, na kwa kazi yako ya Isamilo na Mabatini mimi ningeichukua hiyo bila kufikiri mara mbili. 43 itakuacha chini kidogo ya zamani. Anayekula kwa barabara ya tambarare angeichagua hiyo. Lakini 36? Hapana.

Mwenzako wa 13 mbele hajakosea njia, amekosea hesabu tu. Jino moja la mbele lina uzito wa meno kama matatu ya nyuma kwa pikipiki yako, ndiyo maana watu wanaipenda hiyo dawa: ni sproketi ndogo, bei ndogo, dakika ishirini kazi imekwisha. Ila ukiweka 13 mbele na kuacha 38 nyuma, bado utakuwa umepungukiwa na karibu asilimia 7. Ukiweka 13 mbele na ile 42 yako nyuma, hapo utakuwa umefika, na asilimia 3 za ziada juu. Tatizo langu na sproketi ndogo ya mbele ni kwamba cheni inajikunja kwa ukali zaidi kila inapoizunguka, na zote mbili zinaisha upesi. Kwa mtu anayeshinda barabarani tangu alfajiri hadi usiku, unafuu wa leo unaulipa baada ya miezi michache. Ichukue kama dawa ya muda ukiwa huna hela.

Kwanza lakini jaribu kitu kimoja cha bure. Hiyo 42 iliyoko nyumbani, itoe uilinganishe na habu mpya. Matundu ya bolti yawe idadi ileile, umbali uleule kati yao, na tundu la katikati likae bila kucheza hata kidogo. Kwa kuwa gurudumu limetoka pikipiki ya aina nyingine, sitashangaa isipoingia. Ikiingia, na meno yake hayajachongoka kama ya papa, utakuwa umerudisha sehemu kubwa ya nguvu bila kutoa shilingi. Zitabaki zile asilimia 4 za gurudumu tu. Isipoingia, usikubali mtu akutobolee matundu mapya kwa mashine ya mkono. Sproketi iliyokaa upande hata milimita moja inakaza na kulegeza cheni kila mzunguko, na siku itakapokatika haitachagua mahali.

Cheni sasa. Ilikatwa pingili mbili ili iwiane na 38. Ukienda 44 umeongeza meno sita, na meno sita yanadai kama pingili tatu. Zile mbili zilizokatwa hata ukizirudisha, cheni itakuwa na urefu uleule iliokuwa nao na 42, kwa hiyo gurudumu litalazimika kusogea mbele kama milimita sita au saba. Hapo angalia tairi lisije likagusa chuma cha mkono wa nyuma, maana hilo tairi lenyewe limeshakuwa refu zaidi kwa nusu inchi kila upande wa ekseli. Ushauri wangu ni cheni mpya, pamoja na sproketi zote mbili, seti. Ivute cheni yako kwa vidole pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa: ikinyanyuka mpaka ukaona nusu ya jino, imekwisha, na cheni iliyokwisha huila sproketi mpya kama mchwa.

Anayekufungia mwambie apime mnyoofu kabla hajakaza. Habu ya pikipiki nyingine inaweza kuiweka sproketi ndani au nje zaidi kuliko ilivyokuwa. Kamba iliyonyooka kutoka sproketi ya nyuma hadi ya mbele inatosha kuonyesha. Ukikuta meno ya hii 38 yamelika upande mmoja yakawa yanang'aa, ujue siku zote hizi cheni imekuwa ikienda kombo. Na mkikaza cheni, iacheni icheze kama milimita 20 hadi 30 katikati, ipimwe pale inapokaza zaidi, wewe ukiwa umekaa juu. Wengi wanaikaza pikipiki ikiwa tupu, kisha ndoo zikipanda inakuwa kama waya wa umeme.

Pitisha na mkono chini ya madigadi. Tairi limepanda kwa milimita 13, na ukiweka abiria na sangara wa kilo 30, shokapu zinashuka. Kaa juu na watu wawili, mtu wa tatu aangalie kama nafasi imebaki. (Nimesema watu wawili kwa ajili ya kipimo tu. Mshikaki barabarani siusikii.)

Niliposema kwamba barabara inagusa tairi na haigusi rimu, nilikuwa na watu wengine akilini pia. Kuna wanaobaki na rimu yao ya 17 lakini wanavaa tairi nene ili pikipiki ionekane na kifua. Tairi la 110/90-17 lina upana wa milimita 110, kimo chake ni asilimia 90 ya huo upana, yaani 99. Jumlisha juu na chini na rimu unapata milimita 630. Hilo ni refu kuliko lako la 18! Na mwenye nalo anaapa hajabadilisha saizi ya gurudumu. Ndiyo maana mimi nikiulizwa meno huwa natuma mtu sakafuni kwanza. Weka alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye saruji, keti juu, mwenzako akusukume mpaka gurudumu lizunguke mara tano, pima kwa futi kamba, gawanya kwa tano. Fanya hivyo kwa pikipiki yako, kisha kwa ya mwenzako wa kijiweni mwenye tairi la 3.00-17. Utapata pungufu kidogo ya hesabu zangu, kwa sababu tairi hubonyea chini ya mtu, lakini gawanya kubwa kwa ndogo na utaona ileile asilimia 4. Upepo uwe sawa kwa zote mbili.

Ungekuwa mwanangu wa kuzaa, ningekwambia rudi kwenye 17. Hiyo 18 haikuongezei chochote kwa kazi ya milimani. Utanunua sproketi, utanunua cheni, na mwisho wa yote utakuwa umelipa ili urudi pale ulipokuwa. Zungumza na duka la vipuri: rimu tupu ya 17 na spoku zake, ifungwe kwenye habu yako ya zamani kama haikupasuka. Habu ile ndiyo iliyozaliwa na pikipiki hiyo, sproketi ya 42 inaingia, breki zinakaa, mnyoofu haupotei. Cheni tu ndiyo utaitazama. Linganisha jumla ya gharama hizo na jumla ya seti ya 44. Kama fundi hakukurudishia habu, mfuate leo, kabla hajaiuza.

Na bosi mwambie. Najua unaogopa mkataba. Lakini pikipiki ni yake, na siku atakapopanda mwenyewe kwenda Isamilo atajua kabla hajafika nusu ya mlima, na hapo ataamini kwamba umeuza gurudumu lake. Nenda na rimu iliyopinda mkononi, na karatasi yenye hizo namba: 42 na 38, 23 na 24. Mwambie lilivyotokea shimo la Buhongwa, mwambie nini kinatakiwa na bei yake. Wenye pikipiki wengi ninaowajua wakionyeshwa kwamba klachi itaungua, wanatoa hela ya sproketi.

Ukishafunga, panda Isamilo na mzigo uleule wa siku ile. Uniandikie ni gia ya ngapi iliyokupandisha. Na yule mama mbebe bure mara moja.